Tunduma Mpaka Makunduchi: Likizo Si Kulala

Mji wa Tunduma hauna bahari, lakini waishi kwa bahari. Malori yapangayo foleni mpakani usiku na mchana yatoka bandari ya Dar es Salaam, au yaelekea huko yakichukua shaba ya Zambia na Kongo. Mfanyakazi wa Tunduma au Vwawa huyaona kila siku. Naye huenda akazeeka asiione pwani yanakotoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo. Haki ya namna hii haikupatikana bila wafanyakazi kuidai. Basi, ndugu, tusiimalize kwa kulala tu.

Julai ndio mwezi ufaao. Mvua zimekwisha, mahindi ya Mbozi yamevunwa, na huko pwani kusi huvuma na kupunguza joto. Watu wanne au watano wakichangia gari, hema, sufuria na unga, safari haitakuwa ya matajiri peke yao.

Barabara yenyewe ni somo la zaidi ya kilomita 900. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa, na mafuta yake yakapitishwa njia hii kwa malori, wakati sehemu kubwa ilikuwa vumbi na matope. Ashukaye Kitonga leo juu ya lami na awakumbuke madereva wale. Wala asishuke usiku: alale Iringa, ateremke kumekucha, aione mibuyu ya bonde la Ruaha. Huko Mikumi barabara hukata Hifadhi katikati. Hapo hema hupigwa kambini tu, si kando ya njia, maana tembo na simba hawajui mpaka.

Atakayefika Dar es Salaam mapema atayakuta maonyesho ya Sabasaba. Kisha aache gari, apande boti kwenda Unguja, ashike njia ya kusini mpaka Makunduchi. Hema alipige kwa idhini ya wenyeji, mbali na ukingo wa maji. Bahari ya bamvua haimhurumii mtu wa bara asiyejua kujaa na kupwa.

Makunduchi, katika nusu ya pili ya Julai, husherehekewa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Kishirazi. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe hadharani. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake huimba wakiwa katika nguo zao nzuri, kisha watu hula pamoja. Na kwa desturi yao, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa haina bahati.

Hili ndilo kubwa la safari nzima. Msafiri wa kutoka Songwe haendi kutazama watu kama atazamaye wanyama wa Mikumi, yuangojwa. Basi asiende mikono mitupu. Achukue kahawa ya Mbozi, aketi na wenyeji wake, na aagane nao kwa kuwaalika waje wakione kimondo cha Ndolezi. Barabara iliyojengwa kwa jasho isiwe ya mizigo tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.