Kozi za Kiangazi Huamuliwa Wakati wa Theluji



Ifikapo mwezi wa Juni, shule zinapofungwa na vijana wetu wa Hässelby wanapoanza kumiminika ufukweni Maltesholmsbadet, huzuka swali moja katika nyumba zetu nyingi. Mbona kijana wa jirani, aliye darasa moja na wetu, amekwenda mafunzoni visiwani, naye wetu amebaki kuzunguka baina ya stesheni na uwanja wa mpira? Huyo wa jirani amepewa sare, dira na kitanda cha kulalia, na atarudi na cheti. Wetu alipouliza aliambiwa kwamba nafasi zimekwisha.

Wako wanaodhani kwamba hapo pana upendeleo. Ukweli ni kwamba nafasi za kiangazi hugawanywa wakati wa theluji, na sisi aghalabu hubisha hodi wakati mlango umeshafungwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kijana anavyostahiki kozi hizo, jinsi anavyochaguliwa, na mambo ambayo mzazi yampasa kuyatengeneza mapema.

KOZI HIZI NI ZIPI?

Nchini Sweden vipo vyama 18 vya ulinzi wa kujitolea, vinavyoendeshwa chini ya Amri ya Serikali namba 524 ya mwaka 1994. Baadhi yake vina vikosi vya vijana wa miaka 15 hadi 20, wavulana kwa wasichana. Chama kiitwacho Försvarsutbildarna hushughulika zaidi na mafunzo ya nchi kavu. Sjövärnskåren ni chama cha mambo ya bahari, na vipo vinginevyo vinavyofungamana na jeshi la anga.

Katika kozi za nchi kavu kijana hufundishwa kusoma ramani na dira, huduma ya kwanza, kupiga hema, kupika na kulala msituni, kuzungumza kwa redio, na kuwaongoza wenziwe. Katika zile za bahari hufundishwa kupiga makasia, kufunga mafundo, kutweka tanga na kusoma ramani za bahari. Sjövärnskåren ina shule zake za kiangazi katika kisiwa cha Märsgarn upande wa Stockholm, katika kisiwa cha Känsö karibu na Göteborg, na katika mji wa Karlskrona. Jeshi la wanamaji nalo lina meli mbili za matanga zenye milingoti miwili kila moja, Gladan na Falken, zilizoshushwa majini mwaka 1946 na 1947, na vijana wa chama hiki nao wamekuwa wakisafiri ndani yake. Mjukuu wa nahodha wa Lamu au wa Barawa hana sababu ya kujiona mgeni katika elimu hiyo.

MASHARTI YA KUSTAHIKI

Sharti la kwanza ni umri, na kwa kawaida huhesabiwa kwa mwaka ambao kijana anatimiza miaka 15, hata kama siku yake ya kuzaliwa iko Desemba. La pili ni uanachama, kwani kozi ni za wanachama, na ada ya chama hulipwa kabla ya maombi kupokewa.

La tatu ni mahudhurio, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Vikosi vya vijana hukutana jioni za wiki na baadhi ya mwisho wa wiki kuanzia vuli hadi masika. Kijana anayefika jioni ya Novemba, mvua ikinyesha na giza limekwisha ingia tangu saa tisa na nusu za alasiri, huandikwa katika daftari. Maombi yanapozidi nafasi, neno la kiongozi wa kikosi huwa na uzito. Huyo kiongozi hatazami nani mwenye misuli. Hutazama nani hufika kwa wakati, nani hukunja hema bila kuambiwa, na nani humsubiri mwenziwe aliyechoka njiani.

La nne ni ngazi. Kozi zimepangwa moja juu ya nyingine: ya awali, ya kuendelea, kisha zile za uongozi. Hakuna arukaye. Kwa hiyo kijana aliyechelewa mwaka mmoja hukosa kozi moja, na pia huisogeza mbele kila kozi ifuatayo, na miaka 20 haimngoji.

La tano ni afya. Hujazwa fomu ya maelezo ya afya, nayo yafaa ijazwe kwa ukweli. Pumu, kisukari au mzio wa chakula havimfungii kijana mlango peke yake. Kinachodhuru ni kuficha, kwani msituni hospitali iko mbali.

La sita ni kuogelea, hasa kwa kozi za bahari. Kipimo cha shule za Sweden, kinachotakiwa kufikiwa hadi mwisho wa darasa la sita, ni kuogelea mita 200, na katika hizo mita 50 kwa mgongo. Hapa hapana budi tuseme wazi, kwa kuwa jambo hili linawagusa zaidi mabinti zetu. Binti aliyeachishwa masomo ya kuogelea akiwa na miaka 11 kwa sababu ya haya ndiye atakayeambiwa akiwa na miaka 15 kwamba hawezi kupanda mashua. Vazi la kusitiri mwili majini linapatikana madukani. Bwawa la Vällingby liko karibu, na ufuko tunao mlangoni petu. Lawama ya binti asiyejua kuogelea isielekezwe kwa chama cha bahari.

La saba ni idhini. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji sahihi ya mzazi au mlezi. Kwa sheria ya Sweden, wazazi wenye malezi ya pamoja huamua pamoja mambo ya mtoto, basi mara nyingi hutakiwa sahihi mbili. Katika jamaa zetu baba huenda yuko Maskati, au mama amerudi Mombasa kumuuguza mzazi wake. Sahihi inayosubiriwa kwa wiki tatu imeshawakosesha vijana nafasi ambazo walizistahiki.

DESTURI YA KWETU NA DESTURI YA HUKU

Kwa nini tunachelewa? Sababu moja ni mazoea. Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na tangu mafunzo ya lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita yaliporejeshwa mwaka 2013, majina ya walioitwa hutangazwa pamoja na kambi zao. Mzazi husubiri orodha. Kenya, wanaotaka kuingia National Youth Service, iliyoanzishwa mwaka 1964, hukusanyika siku iliyotangazwa katika kituo cha kuandikishia, kila mmoja na vyeti vyake mkononi, na hapo hukaguliwa.

Hapa hapatangazwi orodha ya majina, wala hapana siku moja ya kushindana uwanjani. Barua haitatumwa nyumbani kumwita mtoto wako. Mwenye kutaka huomba mwenyewe, na huchaguliwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane bila kupigiwa ngoma. Aliyelelewa katika desturi ya orodha hudhani kwamba kunyamaza kwa chama ni kunyimwa, kumbe chama nacho kinamngoja yeye.

HOFU ZA WAZAZI

Wazee wengi husita wanapoona sare, na hatuwezi kuwalaumu. Wapo miongoni mwetu walioondoka Barawa na Kismayu baada ya mwaka 1991, na wapo waliotoka Kongo ya mashariki, ambako kijana wa miaka 15 mwenye sare ni habari ya msiba. Basi na ieleweke tofauti. Kijana wa kozi hizi si askari. Hajala kiapo, hana mkataba, na akitaka kuacha huacha. Itifaki ya mwaka 2000 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambayo Sweden iliiridhia mwaka 2003, inakataza kumwingiza jeshini kwa lazima mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, baadhi ya kozi zina mafunzo ya kulenga shabaha. Mzazi asiyependa jambo hilo aulize ratiba kabla ya kutia sahihi, na achague kozi isiyokuwa nalo.

Kadhalika, kumzuia kijana asiende kozi hakumwondolei wajibu wa nchi. Sheria ya ulinzi wa taifa zima inamhusu kila mkaazi wa Sweden kuanzia mwaka anaotimiza miaka 16 hadi ule anaotimiza 70. Kutumikia jeshini kwa lazima, kulikosimamishwa mwaka 2010 na kurudishwa kwa uamuzi wa serikali wa Machi 2017, kunawahusu raia, wanaume kwa wanawake. Mwaka anaotimiza 18, kijana raia hupata dodoso kutoka Plikt- och prövningsverket, na kulijibu ni lazima. Aliyekwisha kulala msituni kwa hiari yake hujibu akijua anachoulizwa.

Kuhusu dini, mambo matatu yaulizwe mapema. Chakula huandikwa katika fomu. Usimwachie mtoto akaeleze jikoni siku ya kwanza. Malazi nayo yaulizwe: je, wasichana na wavulana hulala mahema mbalimbali? Tatu ni sala. Katikati ya kiangazi jua la Stockholm huzama baada ya saa nne za usiku na kuchomoza saa tisa na nusu za alfajiri, basi kijana aende akiwa na ratiba yake na akubaliane na kiongozi.

Ramadhani nayo imebadilisha nafasi. Mwaka 2015 ilianza Juni 18, na saumu ilikuwa ndefu mno kwa mwenye kubeba mzigo msituni. Mwaka 2025 ilianza Machi 1, na kila mwaka inazidi kurudi nyuma katika miezi ya baridi. Kiangazi sasa ni huru, lakini magharibi ya futari inagongana na zile jioni za mahudhurio. Kiongozi akiambiwa kabla, kijana hutoka kufuturu na kurejea. Asipoambiwa, huandikwa kwamba hakuhudhuria.

MPANGO WA MWAKA

Septemba, kijana ajiunge na kikosi na ada ilipwe. Oktoba, apimwe kuogelea, ili akishindwa awe na miezi ya kujifunza. Desemba, wazazi wazungumze juu ya safari ya nyumbani, kwani tiketi za Mombasa na Dar es Salaam hununuliwa katika miezi hiyo hiyo ambayo fomu hujazwa, na tarehe zikigongana, kozi ndiyo hupotea. Januari hadi Aprili, aghalabu, ndio wakati wa maombi. Tarehe ya mwisho iulizwe kwa kiongozi na iandikwe ukutani, na sahihi ya aliye mbali iagizwe siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mwenye kijana atakayetimiza miaka 15 mwakani, na amuulize leo usiku kama anaweza kuogelea mita 200.