Majira na Makazi ya Wagugunaji

Neno wagugunaji limetokana na kitenzi guguna, nalo hukusanya panya, kindi, ndezi na nungu. Kirukanjia hamo, ingawa wengi humwita panya. Yeye hula wadudu. Kwa majina, basi, hatuna shida kubwa. Shida huanza tunapotaka kueleza jinsi wanyama hao wanavyobadili makazi kufuatana na majira katika nchi ya milima na misitu.

Maandishi mengi ya Kiswahili husema kwamba panya shamba (Mastomys natalensis) huzaliana baada ya masika. Maelezo hayo yalitokana na uchunguzi wa Morogoro, ambako mvua huja mara mbili: vuli mwishoni mwa mwaka, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Ilionekana huko kwamba vuli ikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, na mwaka unaofuata waweza kuwa wa baa la panya.

Sasa tumfikirie mkulima wa Titye, katika nyanda za juu za Kasulu. Yeye hana vuli. Mvua yake ni moja, tangu Oktoba au Novemba hadi karibu na Mei, kisha kiangazi. Akisoma kwamba atege panya kabla ya masika, na neno hilo akalielewa kama lielewekavyo pwani, atangoja Machi, hali mbegu za mahindi zimekwisha fukuliwa tangu Novemba.

Kwa hiyo twapendekeza masika na vuli yatumike tu mahali penye mvua mbili. Kwingineko isemwe mwanzo wa mvua, mvua kukolea na mwisho wa mvua. Kiangazi kibaki kilivyo.

Hali kadhalika, kuhama tuwaachie nyumbu wa Serengeti. Panya atokaye kwenye pori la shamba lililolazwa na kuingia katika mahindi hajahama, amebadili makazi. Tofauti hii si ya anasa. Tauni ilipozuka Lushoto mwaka 1980, lilikuwapo swali la panya gani hukaa msituni, yupi hukaa shambani, na wapi hukutana. Panya wa jenasi Praomys, wakaao katika misitu ya Usambara na Uluguru, hawafai kuitwa panya shamba hata wakinaswa ukingoni mwa shamba.