Nani Anayesaga Goti?

Goti likianza kulia kwenye ngazi, jirani ana jibu tayari: limesagika, ute umekauka, ale bamia. Gegedu, ule utando mweupe unaoteleza kwenye ncha za mifupa, kweli huisha. Ila neno kusagika limetupoteza. Linatuletea picha ya jiwe na nafaka, wakati gegedu, kwa sehemu kubwa, huliwa na vimeng'enya vinavyotoka kwenye seli zake lenyewe.

Ndani yake kuna nyuzi za kolajeni ya aina ya pili, zilizosukwa mithili ya wavu. Katikati ya nyuzi imebanwa agrekani, protini kubwa iliyojaa minyororo ya sukari inayovuta maji. Agrekani hutaka kuvimba, wavu unaikatalia. Ukisimama, ukinzani huo ndio unaokubeba. Damu haifiki humo, na seli ni chache, kila moja kwenye kijumba chake.

Kolajeni hiyo ina umri gani? Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani kaboni yenye mionzi, ikaingia kwenye chakula na miilini. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark waliitumia kama muhuri wa tarehe kwenye magoti ya watu wazima. Kolajeni waliyoikuta ilisukwa utotoni na ujanani, na haikuwa imefanywa upya, hata kwa wagonjwa.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Seli zikiumizwa au kulemewa hutoa kimeng'enya ADAMTS-5, kinachokata agrekani. Hasara hiyo hufidika kiasi. Kisha huja MMP-13, kinachokata wavu wenyewe, nao hausukwi tena. Mwaka 2005 panya wasio na ADAMTS-5 inayofanya kazi walilegezwa goti kwa upasuaji. Gegedu lao liliharibika kidogo kuliko la wenzao.

Na urithi? Zipo familia chache ambazo jeni ya kolajeni, COL2A1, ina kosa moja, na viungo huharibika mapema mno. Kwa wengi wetu mambo ni madogomadogo. Kwenye jeni GDF5, inayosaidia kuunda viungo tumboni mwa mama, herufi T ikikaa mahali pa C, protini hutengenezwa pungufu. Mamilioni wanaibeba T hiyo na hatari yao hupanda kidogo tu. Uzito wa mwili na jeraha la mpira la zamani bado vina neno.