Picha za mwanzo ziko wapi?

Mwaka jana mfuko wa wagonjwa wa msikiti wetu ulilipia kipimo cha CT-Scan cha mtoto mmoja mara mbili ndani ya wiki moja. Mtoto huyo wa miaka sita alianguka kutoka mwembeni, akatapika mara kadhaa na kusinzia isivyo kawaida. Hospitali ya kwanza ilimpima kichwa, na ilistahiki kufanya hivyo. Alipohamishiwa hospitali kubwa, bahasha ya picha ilibaki juu ya kabati nyumbani kwa bibi yake. Daktari hakuwa na cha kutazama, akaagiza kipimo kipya. Alhamdulillahi, mtoto amepona na amerejea madrasa. Lakini sisi tulioharakisha kupeleka fedha hatukuuliza: picha za mwanzo ziko wapi?

Tumeona ni wajibu kuwaeleza wazazi tuliyojifunza baadaye, kwani gharama haikuwa ya fedha peke yake.

CT-Scan hutumia mionzi ya eksirei. Mashine humzunguka mgonjwa na kuchukua vipimo vingi kutoka kila upande, kisha kompyuta huviunganisha na kuonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971, na mwaka 1979 Godfrey Hounsfield na Allan Cormack walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ni neema kubwa: damu iliyovuja ndani ya fuvu, ambayo zamani daktari aliikisia tu, leo huonekana kwa dakika chache.

Hata hivyo, neema hiyo yataka kiasi. Dozi ya mionzi huhesabiwa kwa milisivati. Kwa wastani, mwanadamu hupata takriban 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Eksirei moja ya kifua ni takriban 0.1 au pungufu; CT-Scan ya kichwa huwa karibu 2, na ya tumbo la mtu mzima huweza kufika 10. Hatari ya saratani kutokana na kipimo kimoja ni ndogo, lakini wataalamu huichukulia kuwa huongezeka kadiri vipimo vinavyoongezeka. Watoto ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa miili yao ingali inakua na wana miaka mingi mbele ambamo madhara yaweza kujitokeza.

Mwaka 2009, hospitali moja ya Los Angeles, Marekani, iligundua kuwa kwa miezi 18 wagonjwa zaidi ya 200 waliopimwa ubongo walikuwa wamepata takriban mara nane ya mionzi iliyokusudiwa. Mashine ilikuwa imepangwa vibaya, na jambo lilibainika baada ya mgonjwa kunyonyoka nywele. Hapa kwetu, usalama wa mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Lakini mzazi naye ana sehemu yake.

Daktari anapoagiza kipimo, tumuulize kwa adabu: Je, majibu yatabadilisha matibabu? Je, ultrasaundi au MRI, ambavyo havitumii mionzi hii, haviwezi kutosha? Na mtaalamu wa mionzi tumuulize: Je, mashine imepangwa kwa umri na uzito wa mtoto, na itapima sehemu inayohitajika tu? Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kuingia.

Pia tusimshinikize daktari. Akisema mtoto aliyeanguka anaendelea vizuri na atatosha kuangaliwa kwa saa kadhaa, tusidai kipimo ili tu tutulize nyoyo zetu. Vivyo hivyo, akisema kipimo ni cha lazima, tusikikatae kwa kuhofia mionzi. Damu ikivuja kichwani, kuchelewa kwaweza kuua.

Mwisho, tudai picha na ripoti, tuzihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na tusafiri nazo kila tunapohamishiwa hospitali nyingine. Kamati yetu imeongeza swali moja katika fomu ya kuomba msaada wa matibabu: mgonjwa amewahi kupigwa picha, na ziko wapi? Hatutoi fedha ya kipimo mpaka lijibiwe, isipokuwa kwa dharura.