Roboti Ndogo Kuliko Punje ya Mchele, Sumaku Inayojaza Chumba

Novemba 2025 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, ambayo kila anayeweka fedha kwenye vifaa tiba anapaswa kuisoma kwa makini. Wametengeneza kidonge cha mviringo cha jeli, kidogo kiasi cha kupita kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Ndani yake kuna chembe za oksidi ya chuma ili kivutwe na sumaku, madini ya tantali ili kionekane kwenye eksirei, pamoja na dawa yenyewe. Katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa, inakifikisha karibu na eneo la tatizo, sumaku za umeme zilizo nje ya mwili zinakiongoza hadi mwisho wa safari, kisha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi unakipasha joto. Jeli inayeyuka, dawa inatoka pale pale inapohitajika. Katika majaribio kwenye mifano ya mishipa, zaidi ya asilimia 95 ya safari zilifika zilikokusudiwa. Baada ya hapo kidonge kilijaribiwa kwa nguruwe na kondoo.

Hayo ni mafanikio makubwa ya timu ya Profesa Bradley Nelson, ambaye amekuwa kwenye uwanja huu tangu miaka ya 2000. Kwa upande wa biashara, hata hivyo, kidonge ndicho sehemu rahisi. Jeli ni nafuu na oksidi ya chuma ni nafuu. Kinachoamua kama sekta hii itasimama ni ile mitambo mikubwa inayomzunguka mgonjwa, na nani atailipia.

Sababu iko kwenye fizikia. Ukipunguza kipenyo cha roboti kwa nusu, ujazo wake unabaki sehemu moja ya nane, na nguvu ya sumaku ya kuivuta inapungua kwa kiwango hicho hicho. Nguvu hiyo pia hushuka haraka kadiri sumaku inavyokaa mbali, na kichwa au kifua cha mtu mzima si kitu chembamba. Tena kwa kiumbe kidogo hivyo, majimaji ya mwili ni mazito mfano wa asali: kupiga makasia mbele na nyuma hakukisogezi popote, jambo ambalo Edward Purcell alilieleza mwaka 1977. Ndiyo maana wahandisi wengi wameacha kutegemea kuvuta peke yake, wakatengeneza roboti zenye umbo la parafujo ambazo uga wa sumaku unazizungusha hadi zikatoboa njia. Hata hivyo koili za kutengeneza uga huo bado zinabaki kubwa, zinakula umeme mwingi na zinahitaji kupozwa.

Kampuni iliyolipa ada ya somo hili kuliko zote ni Stereotaxis ya St. Louis, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1990 na kuingia soko la hisa mwaka 2004. Yenyewe haiuzi roboti inayoogelea. Inauza mfumo unaoongoza ncha laini ya katheta ndani ya moyo kwa sumaku mbili kubwa za kudumu, moja kila upande wa kitanda, kwa ajili ya wagonjwa ambao mapigo ya moyo wao hayana mpangilio. Daktari anakaa chumba cha pembeni, mbali na miale ya eksirei. Kwa kuwa ncha ni laini, hatari ya kutoboa ukuta wa moyo ni ndogo. Kitabibu hoja zake ni nzuri, na wagonjwa waliotibiwa kwa teknolojia hii ni zaidi ya laki moja.

Pamoja na hayo, mapato ya Stereotaxis mwaka 2024 yalikuwa karibu dola milioni 27. Mwaka huo huo Intuitive Surgical, watengenezaji wa roboti ya upasuaji da Vinci iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, walipata zaidi ya dola bilioni 8. Tofauti hiyo haielezeki kwa ubora wa teknolojia peke yake. Hospitali iliyotaka sumaku za Stereotaxis ililazimika kuandaa chumba maalumu, wakati mwingine kuimarisha sakafu na kuta, na kazi hiyo ilichukua muda na fedha kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Halafu kwa miaka mingi katheta zenyewe zilitoka kwa kampuni nyingine, Biosense Webster ya kundi la Johnson & Johnson. Intuitive inapata zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake kutokana na vifaa vinavyotumika kila upasuaji, huduma na ukodishaji. Stereotaxis ilikuwa na mtambo, lakini bidhaa inayouzwa kila siku ilikuwa mkononi mwa mwenzake.

Sasa inajirekebisha. Mfumo mpya wa GenesisX, uliotangazwa mwaka 2024, umebuniwa uingie kwenye maabara ya moyo iliyopo bila ujenzi mkubwa, na katheta yake yenyewe, MAGiC, ilipata kibali cha Ulaya mwanzoni mwa 2025. Kwa maoni yangu hizi ni hatua sahihi, ingawa zimechelewa.

Tawi ambalo limefika kwa wagonjwa kwa urahisi zaidi ni la kidonge chenye kamera. Given Imaging ya Israel ilipata kibali cha Marekani mwaka 2001 kwa kidonge kinachopiga picha utumbo mwembamba. Baadaye kampuni ya Ankon ya China ikaongeza sumaku ya nje ili daktari akigeuze kidonge ndani ya tumbo, na mwaka 2020 mfumo huo ukaruhusiwa Marekani. Tumbo halina mkondo wa damu wa kupigana nao, mgonjwa anameza mwenyewe, na kidonge kinatoka chenyewe. Swali linaloisumbua kila roboti ya kwenye mishipa, yaani itaondokaje, hapa halipo.

Wengine wamechagua magonjwa adimu. Bionaut Labs ya Los Angeles ilikusanya zaidi ya dola milioni 40 mwaka 2022 ili kupeleka roboti zinazoongozwa kwa sumaku kwenye ubongo, ikilenga uvimbe wa saratani pamoja na Dandy-Walker, ugonjwa wa ubongo unaowapata watoto. Sheria ya Marekani ina njia nyepesi ya kibali kwa vifaa vya magonjwa yasiyowapata watu zaidi ya 8,000 kwa mwaka. Njia hiyo inafungua mlango, lakini wateja walio ndani ni wachache.

Kiharusi ndicho soko kubwa. Watu wapatao milioni 12 duniani hupata kiharusi kila mwaka, na kuondoa damu iliyoganda kwa katheta kunawezekana hadi saa 24 kwa wagonjwa wanaofaa, ila kila dakika inayopita inaua seli za ubongo. Wataalamu wa kazi hiyo wamejikusanya miji mikubwa. Nanoflex Robotics, iliyotoka ETH Zurich mwaka 2021, inataka mtaalamu aongoze waya wa sumaku akiwa mbali na mgonjwa. Nchi zenye wataalamu wa kuhesabika zina sababu ya kuifuatilia kazi hii kuliko zote.

Afrika haiko nje ya habari hii. Mwaka 2014 Islam Khalil, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Cairo, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionyesha MagnetoSperm, roboti yenye urefu wa mikromita 322 inayoogelea kwa kutikisa mkia chini ya uga wa sumaku dhaifu. Baadaye Khalil alihamia Twente, kwenye maabara na mitaji. Na sumaku za kudumu zenye nguvu zinahitaji neodimiamu, madini yaliyomo kwenye mlima Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania. Mwaka 2023 serikali ilisaini mkataba wa mradi huo na Peak Rare Earths ya Australia na kupata hisa ya asilimia 16. Miaka miwili baadaye Peak ilikubali kununuliwa na Shenghe ya China, nchi ambayo tayari inatawala usafishaji wa madini hayo na utengenezaji wa sumaku.

Hadi sasa, roboti inayojiendea huru ndani ya mishipa ya damu ya binadamu haijawa bidhaa ya kawaida hospitalini. Naamini itafika, na kidonge cha Zurich kimeisogeza karibu kuliko chochote kilichotangulia. Lakini ukiwa mwekezaji, au mkuu wa hospitali unayeletewa mkataba, usianze kuuliza habari za roboti. Uliza kwanza sumaku inauzwa kiasi gani, inaingia chumba gani, nani anaitengeneza ikiharibika, na itahudumia wagonjwa wangapi kwa wiki.