Takadini Bila Mtihani

Vijana wengi waliopita sekondari hapa nchini wanamjua Takadini. Riwaya hiyo ya Ben Hanson imefundishwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne, na kijana wa Igoma au Buzuruga atakutajia dhamira zake bila kupumua: mila potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi. Amezikariri ajibu mtihani wa NECTA, sina ugomvi naye. Ila kitabu kilichosomewa notisi bado hakijasomwa.

Kisa chenyewe hakisahauliki. Sekai, mke wa Makwati, anakaa miaka bila mtoto. Anapojaliwa, mtoto anazaliwa na ualbino, na mila ya kijiji, huko Zimbabwe ya kale, haimruhusu mtoto huyo kuishi. Mama anambeba na kutoroka, hadi kijiji cha Masasa, anakopokelewa na mzee Chivero, mpiga mbira.

Ukiwa na miaka kumi na sita, unakimbia na Sekai. Ndivyo usomaji wa umri ule ulivyo: humfuata aliye hatarini. Ukubwani macho hubaki nyuma, kwa Makwati. Amemsubiri mtoto huyu kama mkewe alivyomsubiri, na kinachomshinda ni wazee. Aliyewahi kukaa kikao cha ukoo anaijua hali hiyo: uamuzi umeshapita kabla hujafungua mdomo, na kila mmoja anangoja mwenzake apinge. Riwaya za vijana huandikwa kwa maneno machache, mengi huachwa bila kuelezwa. Kijana huiruka mianya hiyo; mtu mzima huijaza kwa aliyoyaona.

Hata baiolojia hubadilisha usomaji. Ualbino wa kawaida hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Wakiwa wote wamebeba kinasaba hicho bila kuonyesha dalili, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo nusu ya "kosa" la Sekai ilikuwa ya Makwati. Rudi kwenye kurasa za mwanzo ukiwa na hesabu hiyo, uone lawama inavyoelekezwa upande mmoja tu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu nyingine ya kukirudia. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia mwaka 2007 yaliitwa mila potofu, jibu lilelile la mtihani. Silikubali. Mila ya kijiji cha Makwati inamwogopa mtoto. Huku kwetu viungo vya binadamu viliuzwa, waganga wakiwaahidi wateja utajiri wa dhahabu na samaki. Hiyo ni biashara, na wanunuzi walikuwa watu wazima wenye fedha. Watoto walipelekwa kulindwa shuleni, Mitindo kule Misungwi na Buhangija mkoani Shinyanga, mbali na mama zao. Sekai angalau alikimbia na mwanawe mgongoni.

Mwanafunzi anayeandika "mila potofu" anapata alama zake. Mzazi wake hapaswi kuridhika na jibu hilo.

Kama nakala ipo nyumbani, iazime kwa mwanao likizo hii. Ukimaliza, usimuulize dhamira. Muulize yeye angemwambia nini Makwati.