Usingizi wa Mchana na Dawa za Kuuzuia

Mnamo mwaka 1880 daktari mmoja wa Kifaransa, Jean-Baptiste-Édouard Gélineau, aliandika habari za mgonjwa wake mwenye umri wa miaka 38, mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo. Usingizi ulimteka mtu huyo popote alipokuwa, hata mezani akila, na kwa siku moja uliweza kumjia hadi mara 200. Tena, alipocheka au alipofurahia biashara nzuri, miguu ilimlegea akaanguka, ilhali akili zake zi timamu. Gélineau aliuita ugonjwa huo nakolepsia, jina alilolitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ganzi na kushikwa.

Imepita karibu karne moja na nusu, na mgonjwa wa namna hiyo bado huitwa mvivu. Mwanafunzi anayesinzia darasani huchapwa. Karani anayelala juu ya vitabu vya hesabu hupewa barua ya onyo. Dereva huulizwa maswali baada ya ajali, ikiwa yu hai. Wako pia wasemao kwamba amerogwa. Waama, kosa haliko katika tabia yake. Ugonjwa huanza aghalabu katika ujana, nao hudumu maisha yote.

Chanzo chake kilikuja kujulikana juzi tu. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu, kila moja kwa njia yake, yaligundua kemikali ya ubongo ambayo kwa sababu hiyo ina majina mawili: oreksini na hipokretini. Kemikali hiyo hutengenezwa na seli zipatazo 70,000 tu kati ya mabilioni ya seli za ubongo, nazo zimo katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Kazi yake yafanana na ya nyapara. Haimweki mtu macho peke yake, bali huvipitia vituo vingine vya ubongo vinavyohusika na kukesha, ikihakikisha kwamba hakuna kinachoacha zamu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako mbwa wenye nakolepsia walikuwa wamefugwa tangu miaka ya 1970, walibaini kwamba mbwa hao walirithi kasoro katika kipokezi cha kemikali hiyo. Mwaka uliofuata zikachunguzwa bongo za binadamu waliokuwa na ugonjwa huo wakati wa uhai wao, ikaonekana kwamba baina ya asilimia 85 na 95 ya seli hizo zilikuwa zimetoweka. Yaelekea kinga ya mwili yenyewe ndiyo iziangamizayo. Nyapara akishaondoka, kukesha na kulala hupokezana bila utaratibu. Ndoto huingia mchana, na ule ulegevu wa misuli ambao kwa kawaida humzuia mwotaji asiinuke kitandani humkumba mtu akiwa amesimama anacheka.

Seli zilizokufa hazirudi. Ndiyo maana dawa zilizotumiwa kwa miaka mingi hazikugusa chanzo, bali zilivichochea vile vituo vilivyobaki bila msimamizi. Katika miaka ya 1930 ilijaribiwa efidrini, na mwaka 1935 ikafuata amfetamini. Zilimwamsha mgonjwa kweli, lakini zilimwendesha moyo mbio, na amfetamini iliwafanya wengine kuwa watumwa wake. Nafuu ilipatikana Ufaransa, katika maabara ya Lafon, ambako modafinili iligunduliwa katika miaka ya 1970. Profesa Michel Jouvet wa Lyon, bingwa wa elimu ya usingizi, aliijaribu kwa wagonjwa, na mwezi Desemba 1998 Marekani nayo ikairuhusu kwa cheti cha daktari. Picha za ubongo zilizopigwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba dawa hiyo huzuia dopamini, mojawapo ya kemikali za kuamsha, isirudishwe upesi ndani ya seli zilizoitoa. Uraibu wake ni mdogo kuliko wa amfetamini, ingawa si kwamba haupo kabisa.

Je, humwamsha mtu kwa kiasi gani? Hapa ndipo matumaini hupimwa kwa saa. Mgonjwa huketishwa katika chumba tulivu chenye mwanga hafifu, nyaya za kupimia zikiwa zimebandikwa kichwani, naye huambiwa ajitahidi kukaa macho kwa dakika 20. Jaribio hurudiwa mara kadhaa mchana. Katika majaribio ya Marekani yaliyotangulia kuruhusiwa kwa modafinili, wagonjwa wa nakolepsia walikuwa wakishindwa baada ya dakika 6 hivi. Walipopewa dawa walifikia dakika 8 na ushei, hali waliopewa vidonge visivyo na dawa walizidi kurudi nyuma kidogo. Dakika mbili! Msomaji asizidharau, kwa maana ndani ya chumba cha giza hakuna lolote la kumsaidia mtu kupambana na usingizi, na kwa mama anayepika penye moto ziada hiyo si kitu kidogo. Lakini pia asidanganyike: aliyekunywa kidonge hicho hajawa sawa na mtu mzima wa afya, na akitaka kuendesha gari ni lazima kwanza daktari wake aridhike.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 200, asubuhi. Nusu ya dawa huwa bado imo mwilini baada ya saa 15 hivi, kwa hiyo anayeinywa alasiri huuharibu usingizi wa usiku, na kesho yake husinzia zaidi. Wengi huumwa kichwa, wengine huona kichefuchefu. Vipele vikitokea, dawa iachwe mara moja na daktari aonwe siku hiyohiyo, kwani mara chache hufuatwa na ugonjwa wa ngozi unaoweza kuua. Jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi ni kwamba modafinili hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa majira, na upungufu huo huendelea kwa mwezi mmoja au zaidi baada ya dawa kuachwa. Wakati huohuo, haifai kwa mjamzito, kwa kuwa inashukiwa kulemaza mtoto tumboni. Ule ulegevu wa kuanguka wakati wa kucheka hautibu; una dawa zake nyingine. Wala haiondoi haja ya kulala kidogo mchana, dakika 15 au 20 kwa saa maalumu, tiba isiyo na gharama ambayo waajiri huiona ghali mno.

Mwaka 2004 Marekani iliongeza ruhusa kwa wafanyakazi wa zamu za usiku na kwa wale ambao njia ya hewa huwaziba wakiwa wamelala. Ulaya, mwaka 2010, ilipendekeza kinyume: modafinili ibaki kwa nakolepsia peke yake. Hoja ya Ulaya ina uzito. Mtu akoromaye na kukatika pumzi usiku kucha huhitaji hewa kwanza. Kidonge hakimpi, na kikimchangamsha mchana huweza kumfanya asitafute tiba.

Katika nchi zenye mbung'o hatari hiyo ina sura nyingine. Malale huvuruga mpangilio wa usingizi, na vipimo vya ubongo vya wagonjwa wake vimeonyesha usingizi wa ndoto ukiingia ghafla, kama ilivyo katika nakolepsia. Lakini malale yana tiba, na yasipotibiwa huua. Ile aina ya Afrika Mashariki huweza kufanya hivyo kwa miezi michache. Mwindaji, mrina asali au mchungaji aliyetoka porini na kuanza kusinzia mchana hupimwa damu kwanza na, ikibidi, maji ya uti wa mgongo, kabla ya neno lolote kuandikwa katika cheti chake cha dawa.